Je, Wajua? Nyonga ya Chuma Inayoshikwa na Mfupa Wenyewe

Anayewekewa nyonga bandia hutoka thieta akiwa na kipande cha chuma kilichozamishwa ndani ya fupa la paja. Juu ya kipande hicho hukaa kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa kwenye fupanyonga. Kipande kinachozama tutakiita shina. Kuna mashina yanayogandishwa kwa saruji maalumu, na kuna yanayogongwa kwa nyundo na kuachwa hivyohivyo, makavu. Makala haya ni ya hayo makavu. Utaona jambo moja likijirudia kila mahali: daktari hulikaza shina kwa majuma machache tu, na baada ya hapo mshikaji ni mfupa.

Nyonga hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwili mzima

Georg Bergmann na wenzake mjini Berlin walitengeneza nyonga bandia zenye vipimo vya umeme ndani yake. Mgonjwa akitembea, nyonga inatuma kwa redio kiasi cha nguvu inayopita kwenye kiungo. Ilibainika kwamba kutembea kwa kawaida huipa nyonga mzigo wa takriban mara 2.4 ya uzito wa mwili, kwa kuwa misuli ya makalio huvuta kwa nguvu ili mtu asianguke upande kila anapoinua mguu mmoja. Mtu wa kilo 70 huikandamiza nyonga yake kwa kilo 170 hivi katika kila hatua. Akijikwaa, mzigo unaweza kupita mara 7 ya uzito wake, yaani nusu tani. Kupanda ngazi hakuongezi sana uzito, ila hulisokota shina, likatafuta kugeuka ndani ya mfupa. Kwa mwaka, kila nyonga hupitia msukumo huo mara milioni moja hivi. Chuma kisichoshikwa vizuri hakiwezi kuyastahimili hayo.

Pembe za ndovu zilitangulia

Mwaka 1891, mjini Berlin, Themistocles Gluck alieleza kazi yake ya kutengeneza viungo bandia kwa pembe za ndovu, ikiwemo nyonga. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wameharibiwa viungo na kifua kikuu. Usaha ulirudi na kazi ikakwama, lakini wazo halikufa.

Miaka 70 baadaye pembe ilirudi thieta, safari hii nchini Burma. Kuanzia 1960, Dakta San Baw wa Mandalay aliwawekea wagonjwa wake vichwa vya nyonga vilivyochongwa kwa pembe, hasa waliovunjika shingo ya fupa la paja na mfupa ukakataa kuunga. Mwaka 1969 alikwenda London kuwaeleza madaktari wa mifupa wa Uingereza matokeo ya wagonjwa zaidi ya 300, akiripoti mafanikio ya asilimia 88. Alieleza pia kwamba mfupa ulikuwa ukijishikamanisha na pembe. Hilo ndilo ambalo watengenezaji wa chuma walikuwa wakilitafuta.

Shina lenye madirisha

Mwaka 1940, katika mji wa Columbia, South Carolina, Austin Moore na Harold Bohlman walimtoa mgonjwa sehemu ya juu ya fupa la paja iliyokuwa imeliwa na uvimbe, wakaweka kipande cha chuma badala yake. Miaka kumi hivi baadaye Moore akawa na shina lake mwenyewe. Lilikuwa na matundu mawili makubwa yaliyotoboka upande hadi upande, kusudi mfupa uote ukipita ndani yake na kulifunga kama komeo. Hakuhitaji gundi wala parafujo.

Shina la Austin Moore halijastaafu. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki na India bado huwekewa wazee waliovunjika shingo ya fupa la paja, kwa kuwa ni la bei nafuu na halidai vifaa vingi.

Wa meno ndio waliofungua njia

Marius Smith-Petersen wa Boston alianza mwaka 1923 kwa kufunika kichwa cha fupa la paja kwa kikombe cha kioo. Vioo vilipasuka ndani ya watu. Alihangaika na vitu vingine hadi daktari wake wa meno alipomdokezea vitallium, mchanganyiko wa kobalti na kromi uliokuwa ukitumika kutengenezea meno bandia. Mwaka 1938 akaanza kuutumia kwenye nyonga.

Saruji ya mifupa nayo ni akriliki, jamaa ya ile ya meno ya kuvaa na kuvua. Hata titani, metali inayotawala mashina makavu leo, ilijipatia sifa kwanza katika taya kabla ya kuzoeleka kwenye paja.

Saruji ya mifupa si gundi

John Charnley, katika Hospitali ya Wrightington karibu na Wigan, Uingereza, ndiye aliyeifanya nyonga bandia kuwa tiba ya kila siku. Novemba 1962 alianza kutumia kwa pamoja kikombe cha polithini ngumu, kichwa kidogo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 22.225, na saruji ya akriliki aliyoipata kwa ushauri wa Dennis Smith wa chuo cha meno cha Manchester.

Saruji hiyo huchanganywa papo hapo thieta, hukandwa ikiwa kama ugali mwepesi, na huganda kwa dakika kumi hivi huku ikitoa joto. Wengi hudhani inanata. Charnley mwenyewe alisisitiza kwamba haibandiki: inajaza nafasi kati ya chuma na mfupa, inaingia kwenye vitundu vya mfupa wa sponji, na kuusambaza mzigo. Shina lenye saruji liko imara tangu siku ya kwanza, lakini halitaimarika zaidi ya siku hiyo. Shina kavu huanza likiwa dhaifu zaidi, kisha huzidi kushikwa.

Saruji ilihukumiwa kwa kosa la plastiki

Katika miaka ya 1970 na 1980 eksirei za wagonjwa wa nyonga zilianza kuonyesha mashimo: mfupa unaozunguka shina ulikuwa ukiliwa, na shina likilegea. Ndani ya mashimo hayo kulikutwa chembe za saruji, na hukumu ikatoka upesi. Madaktari wakauita ugonjwa wa saruji. Mbio za kutafuta shina lisilohitaji saruji zikapamba moto.

Mashina makavu yakaenea, na miaka michache baadaye mashimo yaleyale yakaonekana kwa watu ambao hawakuwa na hata tone la saruji. Mkosaji halisi alikuwa kikombe. Polithini ilipokuwa ikisagika kwa hatua za mgonjwa, ilitoa vumbi jepesi lisiloonekana kwa macho. Seli za mwili zinazosafisha uchafu zilijaribu kulimeza vumbi hilo, zikashindwa kuliyeyusha, na zikatoa kemikali zinazoamuru mfupa ubomolewe. Dawa ilikuwa kuboresha plastiki, na polithini ya sasa husagika kidogo sana. Shina kavu kwa hiyo lilipata umaarufu kutokana na shtaka lisilo la kweli, likabaki kwa sababu nyingine kabisa: lilifanya kazi.

Sungura wa Lund na kidude kilichokataa kutoka

Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Aliwapachika sungura kidude cha titani chenye dirisha la kupitishia mwanga wa darubini. Kidude kilikuwa ghali, na utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa akitumie tena. Kiligoma. Mfupa ulikuwa umeota hadi kwenye titani bila utando wowote katikati.

Brånemark aliacha shughuli ya damu na kufuata ile ya mfupa. Mwaka 1965 aliweka meno ya kwanza yenye mizizi ya titani kwa binadamu. Kabla yake, wengi waliamini mwili hukizungushia kila kitu kigeni utando wa nyuzinyuzi ili kukitenga. Kwa titani, mwili haukujishughulisha na kuitenga. Ulijenga juu yake.

Mfupa haugusi titani hasa

Titani ikipata hewa tu, uso wake hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Ukiukwangua, unarudi papo hapo. Utando huo haupitishi kutu na hauwaudhi majirani, na ndio ambao mfupa hukutana nao. Oksidi hiyohiyo ya titani, ikisagwa kuwa unga, ndiyo inayozipa rangi za ukutani weupe wake. Sehemu kubwa mno ya madini ya titani yanayochimbwa duniani huishia kwenye rangi, plastiki na karatasi. Kinachofanywa metali ni kidogo.

Wasomaji wa Pwani wanayajua madini haya kwa karibu. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, mchanga wa Kwale, Kenya, ulichimbwa ukachujwa ilmenaiti, rutili na zirkoni, vikasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Metali nyingine mbili za nyonga zina kwao katika nchi za wasemaji wa Kiswahili: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, na koltani ya Kivu na Rwanda ndiyo chanzo kikuu cha tantali. Kobalti hutiwa kwenye vichwa vya nyonga na kwenye baadhi ya mashina. Tantali yenye matundumatundu hutengenezewa vikombe.

Uso wa shina huamua kama mfupa utakuja

Chuma laini kilichosuguliwa kikang'aa hakiupi mfupa pa kushika. Kwa hiyo mashina makavu hufanywa makwaru kwa njia mbalimbali. Wapo wanaoupiga uso kwa punje ngumu hadi ukawa na vidonda vya mikromita 3 hadi 5. Wapo wanaoyeyushia vijipira vya metali juu yake ili kati ya kipira na kipira zibaki nafasi za kuota mfupa. Robert Pilliar wa Toronto na wenzake walionyesha kwamba nafasi za kati ya mikromita 50 na 400 ndizo zinazofaa: zikiwa ndogo kuliko hapo, mfupa wenye mishipa yake ya damu hauingii. Gérald Lord wa Paris, katika miaka ya 1970, aliunda shina lenye uso wa vijipira vingi akauita kwa jina la matumbawe.

Njia ya tatu ni kuudanganya mfupa. Mwaka 1985 Ronald Furlong wa London alianza kutumia mashina yaliyopakwa hidroksiapatiti, yaani kalsiamu fosfati, madini yaleyale yanayoupa mfupa na jino ugumu wake. Mwaka uliofuata Ufaransa ikatoa shina la Corail, lililofunikwa lote kwa madini hayo kwa unene wa mikromita 150 hivi. Unga hupuliziwa kwenye titani kwa mwali wa plazma wenye joto la maelfu ya nyuzi. Kjeld Søballe wa Aarhus, Denmark, alionyesha kwa mbwa kwamba mfupa unaweza kuvuka hata mwanya wa milimita nzima kulifuata shina lililopakwa hivyo.

Thieta ina mlio wake

Mgonjwa yuko chini ya ganzi au kaputi. Shingo ya fupa la paja imekatwa kwa msumeno, kichwa kilichoharibika kimetolewa, na kikombe kipya kimeshapachikwa. Sasa daktari anafungua mlango wa tundu la uboho kwa patasi ya pembe nne, karibu na ukuta wa nje ili shina lisije likasimama upogo. Kisha anaanza na tupa.

Tupa hizi zimekuja kwa seti, kila moja na namba yake, na umbo lake ni lile la shina lenyewe, isipokuwa zina meno pande zote. Ndogo huanza. Hugongwa, hurudishwa nyuma kidogo, hugongwa tena. Tupa za aina fulani hazikwangui mfupa wa sponji na kuutoa. Huushindilia kwenye kuta, ukawa godoro gumu litakalolipokea shina. Inakuja namba inayofuata, kisha nyingine.

Anajuaje pa kusimama? Tupa haishuki tena hata kwa pigo lenye nguvu ileile. Akiishika mpini na kujaribu kuisokota, haigeuki peke yake. Paja zima linageuka nayo. Na mlio wa nyundo umebadilika. Daktari mzoefu huusikia, na wauguzi wa thieta huuzoea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wamepima mitetemo ya shina kwa vyombo wakati wa upasuaji na kukuta kwamba likishakaa sawasawa, mitetemo haibadiliki tena kati ya pigo na pigo. Shina halisi likija, ni kubwa kuliko tupa ya mwisho kwa sehemu ndogo ya milimita. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ukazaji wote.

Kukaza kukizidi, mfupa hupasuka

Mashina mengi makavu ni kabari: mapana juu, membamba chini. Yanafuata kanuni ya shoka la kienyeji, ambalo ulimi wake umepenyezwa kwenye kirungu cha mpini: kila unapopiga, linazidi kukaza. Uzito wa mgonjwa hulisukuma shina chini, na kadiri linavyosukumwa ndivyo kuta zinavyolibana. Karl Zweymüller wa Vienna, mwaka 1979, aliliongezea shina lake pembe nne kali. Pembe hizo huuma ukuta mgumu wa ndani na kulizuia lisisokoteke mtu anapopanda ngazi.

Lakini mpini nao hupasuka. Takwimu za Mayo Clinic ya Marekani zilizochapishwa mwaka 1999 zilionyesha fupa la paja kupasuka mezani katika asilimia 5.4 ya mashina makavu, dhidi ya 0.3 kwa yale ya saruji. Ufa mdogo unaoonekana mapema si msiba: shina hutolewa, mfupa huzungushiwa waya na kukazwa, shina hurudishwa. Hatari ni ufa usioonekana, unaofunguka siku mgonjwa anapokanyaga chini kwa nguvu.

Milimita 0.15 huamua kila kitu

Baada ya upasuaji, kila kitu hutegemea utulivu. Shina likitikisika kwa chini ya mikromita 40 hivi katika kila hatua, mfupa huota hadi kulifikia. Likitikisika kwa mikromita 150, yaani milimita 0.15, mwili hubadili uamuzi na kuweka utando wa nyuzinyuzi badala ya mfupa. Utando huo haushiki. Mgonjwa hubaki na maumivu ya paja kila anapoanza kutembea.

Mfupa mpya hulifikia shina kati ya wiki 6 na 12, na kazi ya kujipanga upya huendelea kwa mwaka na zaidi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa magongo hata anapojisikia mzima. Kuanguka katika wiki hizo ni hatari kuliko kuanguka mwaka wa pili.

Kupima mtikisiko mdogo hivyo kwa eksirei ya kawaida hakuwezekani. Mwaka 1974 Göran Selvik wa Lund alibuni njia ya kupachika vijipira vya tantali mfupani na kupiga eksirei mbili kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti. Kwa hesabu, shina lililoshuka kwa sehemu ya kumi ya milimita hugunduliwa miaka mingi kabla ya mgonjwa kuhisi chochote.

Kwa haraka haraka

- Kichwa cha Charnley kilikuwa cha milimita 22.225. Vya leo kwa kawaida ni vya milimita 28, 32 au 36, kwa kuwa kikubwa hakichomoki kirahisi.
- Titani haivutwi na sumaku, lakini mlango wa ukaguzi uwanja wa ndege unaweza kulia, maana hutambua kila metali inayopitisha umeme.
- Aloi ya titani inayopendwa zaidi kwa mashina ina asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, na ni aloi ya viwanda vya ndege.
- Mwaka 2007 jarida la Lancet liliuita upasuaji wa kubadilisha nyonga kuwa upasuaji wa karne.

Mfupa usio na kazi hukonda

Julius Wolff wa Berlin aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaobeba. Unaotwishwa huongezeka, unaopumzishwa hupungua. Kanuni hiyo hulikuta shina kavu kwa njia ya kushangaza. Likishikwa vizuri sana upande wa chini, uzito wa mwili hupita ndani ya chuma na kuiruka sehemu ya juu ya fupa la paja. Sehemu hiyo, ikiwa haina kazi, hukonda.

Titani ni ngumu kupinda kuliko mfupa mgumu kwa mara tano au sita. Kobalti na kromi ni zaidi ya mara kumi. Kwa sababu hiyo mashina ya kobalti yaliyofunikwa vijipira hadi nchani yalisifika kwa kushika na kulaumiwa kwa kuukondesha mfupa. Watengenezaji wakajibu kwa kutumia titani, kuweka uso makwaru sehemu ya juu tu, na kufupisha shina.

Si kila fupa la paja linafaa

Lawrence Dorr wa Marekani, mwaka 1993, aliyagawa mafupa ya paja katika makundi matatu kwa kutazama eksirei. Kundi A lina kuta nene na tundu jembamba linalopungua kuelekea chini: kabari hukaa vizuri humo. Kundi C lina kuta nyembamba na tundu pana la upana uleule juu hadi chini, kama linavyokuwa fupa la wazee wengi, hasa wanawake waliokoma hedhi miaka mingi. Humo kabari haina pa kubana. B liko katikati.

Uswidi ilianza kuorodhesha kila nyonga bandia mwaka 1979, na nchi nyingine zikafuata. Rejista hizo zimeonyesha kwamba kwa waliozidi miaka 75 mashina ya saruji hurudiwa upasuaji mara chache zaidi, na bado mashina makavu yamekuwa yakiongezeka katika umri huohuo. Watafiti wamekiita kitendawili. Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mashina ya nyonga ni makavu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa 1,225 wenye miaka 60 na zaidi waliovunjika nyonga, ulikuta mfupa kuvunjika tena kuzunguka shina katika asilimia 2.1 ya wenye mashina makavu na 0.5 ya wenye saruji. Mfupa uliochoka haupewi kazi ya kushika chuma.

Selimundu huwaleta vijana

Ulaya, mgonjwa wa kawaida wa nyonga bandia ni mzee ambaye gegedu imelika. Afrika Mashariki kuna wengi wa namna nyingine. Kichwa cha fupa la paja hulishwa na mishipa midogo ya damu. Kwa mwenye selimundu, seli zilizojikunja huiziba na kichwa hufa, kisha hubonyea. Mtu wa miaka 25 huchechemea kama wa 75. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, takriban 11,000 kila mwaka.

Kwa kijana, shina kavu lina mantiki: mfupa wake unaota, na miaka ya kutembea mbele yake ni mingi. Ila thietani selimundu ina mtego. Uboho uliokufa mara kwa mara huacha magamba ya mfupa mgumu katikati ya tundu, mahali pengine limeziba kabisa. Tupa ikigongwa kwa mazoea inaweza kukengeuka na kutoboa ukuta. Daktari hulazimika kupekecha njia polepole kwa keekee, akifuatisha kwa eksirei ya thietani. Malawi, iliyoanzisha rejista yake ya viungo bandia mwaka 2005, nayo imerekodi wagonjwa wengi ambao nyonga zao zilikufa kwa kukosa damu.

Kulitoa ni kazi kuliko kuliweka

Uchambuzi uliochapishwa na Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba asilimia 58 ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Aliyewekewa akiwa na miaka 30 ana kila sababu ya kutarajia upasuaji wa pili. Mara nyingi kinachochakaa ni kikombe au kichwa, na hivyo hubadilishwa huku shina likiachwa mahali pake. Lakini usaha ukiingia, au mfupa ukivunjika vibaya, shina lenyewe hutakiwa kutoka.

Saruji hupasuliwa kwa patasi na kutolewa vipandevipande. Shina lililoshikwa na mfupa halivutiki hata kwa nyundo ya kurudisha nyuma. Daktari hulazimika kulipasua fupa la paja kwa urefu, sentimita 12 au zaidi, na kufungua upande wa nje kama mlango huku misuli ikiwa bado imeushika. Kisha hupitisha waya wa msumeno kati ya mfupa na chuma, akikata alichojenga mfupa, hadi shina lilegee. Baadaye mlango hufungwa kwa waya, na shina refu zaidi huzamishwa kufuata sehemu ya mfupa iliyobaki nzima.

Kwa hiyo anayependekezewa shina kavu ana maswali matatu ya kumwuliza daktari wake: kuta za fupa langu la paja zina unene gani kwenye eksirei, nitatembelea magongo kwa wiki ngapi, na siku shina likihitaji kutolewa, hospitali hii ina vifaa vya kulitoa? Aandike pia jina na namba ya shina alilowekewa, atunze karatasi hiyo pamoja na cheti cha kliniki. Daktari atakayelitoa baada ya miaka 20 huenda akawa mwingine, na kila shina lina vifaa vyake.